Msitu wa Kijiji si Shamba la Bibi: Taratibu za Kuvuna Mkaa

Malalamiko ya mkaa kukamatwa "ilhali umetoka msitu wetu wenyewe" yamezidi, na mengi yanatokana na dhana kwamba mti wa kijijini hauna bei. Una bei. Mkaa unaouzwa rahisi mjini mara nyingi ni ule ambao mti wake haukulipiwa, na bei hiyo ndiyo inayokivunja moyo kijiji kinachotunza msitu. Tathmini ya taifa ya misitu, NAFORMA, ilikuta hekta milioni 48.1 za misitu nchini Tanzania, karibu nusu zikiwa ardhi ya vijiji, huku ukataji ukizidi kiwango endelevu kwa mita za ujazo milioni 19.5 kila mwaka.

Sheria ya Misitu ya 2002 imekipa kijiji fursa: kikitenga msitu wa hifadhi wa kijiji, mrabaha, yaani ada inayolipwa kwa mazao ya msitu yanayovunwa, haupelekwi Serikali Kuu, unabaki kijijini. Lakini lazima kuwe na mpango wa matumizi bora ya ardhi, kamati ya maliasili, upimaji wa miti, mpango wa usimamizi, na sheria ndogo zilizopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji kisha baraza la madiwani. Muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji pekee si kibali. Tumelisema hili mara nyingi.

Vijiji vya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, vimeonyesha inavyowezekana. Eneo la mkaa hugawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, vinavunwa kwa kuruka kimoja kimoja, na kitalu kilichovunwa hupumzishwa miaka 24. Kisiki huachwa kichipue. Anayeking'oa au kukichoma amefuta mavuno yajayo. Magogo mabichi hupunguza mkaa, kwa kuwa sehemu ya kuni huungua kukausha nyingine. Udongo wa tanuru ukipasuka, hewa huingia, nawe unabaki na majivu.

Kwenye usafirishaji ndiko wengi hukwama. Mfanyabiashara awe na cheti cha usajili kilicho hai, kibali cha uvunaji, risiti, na hati ya kusafirishia (TP) yenye kiasi cha mkaa, namba ya gari, njia na tarehe. TP moja ni safari moja. Magunia yakizidi yaliyoandikwa, ni kosa, hata kama ziada ni "ya nyumbani". Kusafirisha kati ya saa 12 jioni na saa 12 asubuhi hairuhusiwi, hata ukiwa na nyaraka zote. Mkaa usio na nyaraka hukamatwa. Kosa linaweza kufifilishwa, yaani kumalizwa bila kesi, kwa faini au kupelekwa mahakamani, ambako gari pia linaweza kutaifishwa.

Mwenye shaka afike kwa Mhifadhi Misitu wa Wilaya kabla ya kupanga tanuru, si gari likishazuiwa kwenye kizuizi.