Kukataa vita si kukaa kimya

Barazani Mombasa, wengi huchukulia pasifizimu kuwa ni woga, kunyamaza ukionewa. Sivyo. Anayeifuata hukataa vita vyote, na wengine hukataa kila aina ya mabavu. Kususia, kuandamana na kugoma ni ruhusa. Uingereza ilipolazimisha watu jeshini mwaka 1916, kati ya waliokataa kwa dhamiri zao wapo waliofungwa, na wapo waliobeba majeruhi kwa machela penye risasi. Woga huo uko wapi?

Ila tusizidishe. Mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947 ulisimamisha kazi bandarini bila vita, lakini kugoma peke yake hakumfanyi kuli kuwa mpasifisti.

Ukilikuta neno hili gazetini, tazama mtajwa anakataa nini: vita fulani, vita vyote, au kila aina ya mabavu? Anayepinga vita fulani tu, hilo jina halimfai.