Je, wajua jambo ambalo halikupimwa linaweza kukadiriwa nguvu zake?

Tuchukue mfano wa kubuni. Watafiti wamezunguka Mukuru, Nairobi, wakahesabu watoto wanaokohoa. Katika nyumba zinazopikia makaa ni 40 kati ya 200. Katika nyumba za gesi ni 20 kati ya 200. Hatari ni mara 2 (asilimia 20 dhidi ya 10); huu huitwa uwiano wa hatari. Ni moshi? Huenda. Lakini huenda pia wapikao kwa makaa ndio wanaoishi vyumba visivyo na dirisha, na fomu haikuuliza habari za dirisha.

Ubishi wa aina hii si mgeni. Ronald Fisher, bingwa wa takwimu wa Uingereza, alidai huenda kuna urithi wa damu unaomfanya mtu apende sigara na wakati huohuo umletee saratani ya mapafu. Mwaka 1959 Jerome Cornfield na wenzake walijibu kwa hesabu: kama wavutaji wana hatari mara 9 na sigara haina hatia, basi urithi huo sharti uwe umeenea kwa wavutaji angalau mara 9 kuliko kwa wasiovuta. Nani amewahi kuuonyesha?

Mwaka 2017 Tyler VanderWeele na Peng Ding walileta kipimo chepesi, thamani ya E. Chukua uwiano wa hatari, uzidishe kwa uwiano huohuo uliopunguzwa 1, tafuta kipeuo cha pili, kisha ujumlishe uwiano wenyewe. Kwetu: 2 × 1 = 2; kipeuo 1.41, jumla 3.41. Ili jambo fiche lifute matokeo yote, lihusiane na makaa na pia na kikohozi kwa takriban mara 3.4 kila upande. Upande mmoja ukilegea, wa pili uzidi.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapojidanganya. Masafa ya uhakika ya asilimia 95 ya data hii, yaani eneo ambamo uwiano wa kweli huenda umo ukizingatia bahati ya sampuli, ni 1.21 hadi 3.30. Fanya hesabu ileile kwa 1.21, mpaka ulio karibu na 1 (1 ni hakuna tofauti), upate 1.7 tu. Sasa turudi kwenye dirisha: tuseme kulikosa huongeza kikohozi mara 2, na asilimia 60 ya nyumba za makaa hazina, dhidi ya 30 za gesi. Upotoshaji ni (0.6 × 2 + 0.4) ÷ (0.3 × 2 + 0.7), yaani 1.6 ÷ 1.3 = 1.23; gawa matokeo kwa namba hiyo. Hatari inashuka hadi 1.63, na mpaka wa chini unakuwa 0.98, chini ya 1. Dirisha peke yake limetia shaka utafiti mzima.

Usiingize uwiano wa odi (odi ni wanaougua kugawa kwa wasiougua) kana kwamba ni uwiano wa hatari. Hapa uwiano wa odi ni 40/160 ÷ 20/180, yaani 2.25, nao ingekupa E ya 3.9, sifa ya bure. Ugonjwa ukiwa wa kawaida hivi, tumia kwanza kipeuo cha pili cha uwiano wa odi mahali pa uwiano wa hatari. Na uwiano ukiwa chini ya 1, gawa 1 kwa uwiano huo kabla ya kuanza, la sivyo kikokotoo kitakataa kipeuo cha namba hasi.