Je, wajua kwa nini chipu mpya inaweza kuzima gari zima?

Chukua Ford F-250 ya mwaka 1997, pikapu kubwa yenye injini ya dizeli ya lita 7.3, silinda nane na turbo. Injini hiyo ilitengenezwa na kampuni ya Navistar, ikafungwa kwenye pikapu za Ford kuanzia 1994 hadi 2003, na huko Marekani bado zipo nyingi barabarani, zikivuta matrela ya farasi na boti. Mwenye gari ameagiza chipu ya kuongeza nguvu ya injini, iliyoandikiwa programu maalumu kwa ajili ya gari lake. Jioni ameifunga. Asubuhi anawasha: stata inazungusha injini vizuri kabisa, lakini moto haushiki. Anachomoa chipu, gari linawaka papo hapo. Anairudisha, kimya. Hapo nani hatamlaumu aliyeandika programu?

Mara nyingi anamsingizia.

Kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi wetu huiita kontrolo boksi, kwenye pikapu hizi imekaa upande wa dereva, kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini. Nyuma yake, chini ya kifuniko kidogo, bodi ya saketi imetokeza kama ulimi wenye vijistari vya shaba. Ni mlango wa kuingilia kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na watengenezaji wa chipu waliutumia vizuri. Chipu ikichomekwa pale haifuti wala haibadilishi kilichoandikwa kiwandani. Inajibu kwa niaba yake. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta hiyo, inapouliza nozeli zinazonyunyizia dizeli zifunguke kwa muda gani, kumbukumbu ya kiwandani inanyamazishwa na jibu linatoka kwenye chipu. Ndiyo maana ukiichomoa gari linarudi kuwa lilivyokuwa, kama vile hakuna kilichotokea.

Sasa, ule ulimi ulipotoka kiwandani ulipakwa utando mwembamba wa kuzuia unyevu, kitu kama vanishi, na aghalabu kuna grisi juu yake. Kwa macho shaba inang'aa, unaona ni safi. Lakini meno ya chipu yanakaa juu ya vanishi, na vanishi haipitishi umeme.

Kosa dogo namna hiyo linatoshaje kulaza injini ya lita 7.3? Kompyuta husoma namba kwa mafungu ya biti nane, kila biti ni sifuri au moja. Namba 40 inaandikwa 00101000. Tuseme mguso mmoja tu ni mchafu, ule unaobeba biti ya kwanza kushoto, na kompyuta ikaisoma kuwa moja badala ya sifuri. Sasa inaona 10101000, yaani 168. Saba kati ya nane zimefika salama, na jibu bado ni zaidi ya mara nne ya lililokusudiwa. Tena hapo ni heri kama ilikuwa namba ya kiasi cha dizeli. Ikiwa ni amri ya programu yenyewe, prosesa inapotea njia na kompyuta haiamki kabisa. Dalili yake unaiona kabla hata ya kugusa stata: fungua swichi, tazama dashibodi. Ile taa ya kumwambia dereva asubiri injini ipashwe moto isipowaka kabisa, kompyuta imelala.

Kusafisha ni kazi ya subira kuliko ujuzi. Betri zote mbili zitolewe nyaya kwanza (ndiyo, pikapu hizi zina betri mbili, na anayesahau ya pili hajatoa hata moja). Kisha sugua ulimi taratibu, pande zote, kwa kile kitambaa cha kijani cha kusugulia vyombo, umalizie kwa spiriti na uache ukauke. Msasa mkali unakwangua shaba yenyewe. Stilwaya ndiyo hatari zaidi, maana nyuzi zake zikibaki pale zinaunganisha vijistari visivyopaswa kukutana. Usafi nusunusu nao una tabia yake: gari linawaka nyumbani, kisha linazimika kwenye matuta, kwa sababu kila mtikisiko unachezesha meno ya chipu.

Ikiwa ulimi umesafishwa na bado gari linagoma, soma lebo ya kompyuta. Kwa sura hazitofautiani, lakini kila moja ina msimbo wake, na programu iliyoandikwa kwa msimbo mwingine haiwezi kutegemewa. Gari la miaka hiyo huenda limeshabadilishiwa kompyuta na mwenyewe wa zamani bila kumwambia mtu.

Kesi ninayoipenda ni ya gari linalowaka vizuri lakini likikanyagwa linatetemeka, linamisi na kukosa nguvu. Hapa chipu huwa haina kosa. Imemwomba mzee akimbie. Kwenye injini hii nozeli husukumwa na oili ya injini. Pampu maalumu huikandamiza oili, na ndani ya nozeli msukumo huo unakuzwa mara saba: oili ya psi 3,000 (psi ni kipimo cha msukumo) inasukuma dizeli kwa takriban psi 21,000. Ili iwake tu, inahitaji oili ya psi 500 hivi. Programu ya nguvu huomba nozeli zikae wazi muda mrefu zaidi, kwa hiyo zinakunywa oili nyingi zaidi, na pampu iliyochoka, ambayo ilitosha kwa matumizi ya kawaida, inaumbuka.

Unganisha mashine ya kusomea kompyuta, mwenzako aendeshe, wewe tazama namba mbili: msukumo wa oili unaoombwa na unaopatikana. Zikienda pamoja hadi juu, oili haina kesi. Geukia nyaya zilizo chini ya vifuniko vya valvu au rudi kwa mwandishi wa programu. Unaopatikana ukianza kuporomoka mguu ukiwa chini, chomoa chipu urudie safari ileile. Pengo likiwepo bado, hata kama ni dogo, hakuna programu itakayoliziba. Kabla ya kununua pampu, uliza oili ilibadilishwa lini. Injini inabeba karibu lita 14, na oili iliyochoka hufanya povu. Povu linabonyea kama sifongo pale nozeli inapotaka kusukumwa.