Udongo mgumu nao huporomoka

Kwenye saiti nyingi za barabara utasikia: "Udongo huu mgumu, mtaro umesimama tangu jana, shuka tu." Kusimama tangu jana hakuthibitishi kitu. Udongo wa mfinyanzi hukauka, hupasuka, kisha hudondoka bonge zima kwa mpigo.

Dalili ya kwanza mara nyingi iko juu. Kabla ya watu kushuka kulaza kalavati (bomba la kupitisha maji chini ya barabara), tembea kando ya mtaro ukitafuta ufa unaokwenda sambamba na ukingo, hata ule mwembamba wa kupenya ncha ya kisu. Kisha tazama ukuta: umevimba? Unadondosha vipande? Maji yanachuruzika chini? Kimojawapo kikionekana, hakuna kushuka. Mvua ikinyesha, kagua upya.

Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani 1.5 hivi, kama gari dogo. Aliyefukiwa hadi kifuani hawezi kutanua mbavu apumue. Kina kikifika mita 1.5, kinga kuta kwa mbao na mihimili, au zichimbe kwa mteremko. Udongo uliotolewa ukae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni, ekskaveta, yaani mashine ya kuchimba, mbali zaidi. Na ngazi iwepo; kamba si ngazi.