Albamu au kanda mseto? Ninavyozisikiliza rap mpya

Mwezi huu kijana mmoja anayerekodi kwetu aliniletea nyimbo kumi na saba kwenye flashi. Akaniambia, "Kaka, albamu yangu hiyo." Kazi yangu ni kuchanganya sauti kwenye studio ndogo hapa Tanga, kwa hiyo nilizisikiliza zote, mara mbili, usiku, kwa hedifoni. Mistari anayo, tena mizuri. Lakini hakuna wimbo hata mmoja uliojua kwamba kuna mwenzake umetangulia. Nikamwambia ana kanda mseto, yaani mixtape, ya nguvu sana. Akakunja uso kama nimemtusi.

Kanda mseto si tusi. Ilizaliwa New York, pale madijei wa Bronx na Harlem walipoanza kurekodi shughuli zao kwenye kaseti na kuziuza mkono kwa mkono. Baadaye marapa wakaishika wenyewe. Mwaka 2002 rapa 50 Cent alikuwa anachukua biti za wenzake, anachana juu yake, na kanda zinatembea mtaani kabla hajatoa albamu yoyote dukani na kampuni kubwa. Januari 2007 polisi walivamia studio ya DJ Drama, mtengenezaji wa kanda hizi, kule Atlanta wakabeba diski kwa maelfu, wakisema ni uharamia, wakati kampuni zenyewe zilikuwa zinatumia kanda hizohizo kupima upepo wa wasanii wao. Kwa hiyo kanda mseto ina hulka yake: ni ya haraka, inaita washkaji, inaruhusu rapa ajaribu sauti asiyoizoea na asidaiwe.

Albamu inadai mpangilio, na mimi nina kipimo kimoja tu. Nikiutoa wimbo wa tano nikaupeleka wa tisa, kuna kitu kitavunjika? Kama hakuna, hiyo ni kanda mseto, hata ikiandikwa albamu kwa wino wa dhahabu.

Kipimo hiki nilikipata kwenye kaseti. Wakati Professor Jay anatoa Machozi Jasho na Damu mwaka 2001, nyumbani tulikuwa na redio ya betri. Kupeleka wimbo mbele kulikuwa kunakula betri, na zikianza kufa tulikuwa tunazianika juani ili zisukume siku mbili zaidi. Hakuna aliyethubutu kuruka wimbo. Ulisikiliza upande A mpaka kaseti ikajizima yenyewe, ukageuza. Mpaka leo wimbo ukiisha sikio langu linausubiri unaofuata.

Sasa tuje kwenye kazi zenyewe.

Rapa Kendrick Lamar aliiachia GNX tarehe 22 Novemba 2024 bila tangazo, nyimbo 12, dakika kama 44. Jina ni la gari, Buick ya mwaka 1987, mwaka aliozaliwa yeye. Niliipenda siku ileile na bado naipenda. Lakini kwa kipimo changu, ile ni kanda mseto. Uchukue "hey now" na "peekaboo", uzibadilishane nafasi: hakuna atakayegundua. Amewajaza marapa wa Los Angeles ambao nje ya jiji lao hawajulikani, akina AzChike, Dody6, Peysoh na Hitta J3, na wimbo uliobeba jina la kazi nzima amewaachia baadhi yao watambe. Hiyo ndiyo roho ya kanda, kuleta kitaa chako mbele ya kipaza sauti. Uzi pekee unaoshona kazi yote ni sauti ya Deyra Barrera, mwimbaji wa mariachi, anayefungua wimbo wa kwanza na kurudi tena huku mbele. Na pale katikati ukifika "reincarnated" unakaa wima. Juu ya mdundo uliochukuliwa kwa 2Pac, anajivika maisha ya mpiga gitaa wa zamani, kisha ya mwimbaji wa kike aliyemalizwa na heroini, kisha yake mwenyewe, na mwisho anajibizana na Mungu. Wimbo huu ungeweza kubeba albamu nzima. Umekaa peke yake.

Doechii, rapa wa kike, ni kinyume chake. Alligator Bites Never Heal ilitoka Agosti 30, 2024, na mwenyewe akaiita kanda mseto. Februari 2025 ikachukua tuzo ya Grammy ya albamu bora ya rap, naye akawa mwanamke wa tatu kuipata, baada ya Lauryn Hill, akiwa na kundi la Fugees, kisha Cardi B. Watu wengi walibishana kuhusu jina hilo, wakasahau kwamba Chance the Rapper naye alishinda tuzo hiyohiyo mwaka 2017 kwa kazi aliyoiita kanda mseto. Mimi nasema ya Doechii ni albamu. Nyimbo 19, na zina mwendo: anaanza akiwa amekaza meno, anachana kama mtu anayedaiwa, halafu taratibu sauti inalainika mpaka zile za mwishomwisho anaimba kuliko kuchana. Ukiileta "Slide" mwanzoni umemvua nguo kabla hajawa tayari.

Wimbo wa nne, "Denial Is a River", ndio niliokaa nao zaidi. Kuna sauti inamhoji kama mshauri, yeye anajibu: mpenzi aliyemsaliti, pesa zilizokuja kwa kasi, ulevi anaojaribu kuufanya mdogo. Kila akitaka kukwepa, sauti inamrudisha. Mwishoni anaambiwa avute pumzi. Anavuta, anaachia, anavuta, na pumzi yenyewe inageuka mdundo. Hapo yanayombeba ni mapafu yake mbele ya kipaza sauti. Kila msanii mchanga anayenililia nimwongezee vikorombwezo namchezea sekunde zile.

Rapa J. Cole nitampitia haraka. Might Delete Later ilitoka tarehe 5 Aprili 2024, ikiwa na wimbo wa kumshambulia Kendrick. Siku mbili baadaye akaomba radhi jukwaani, na muda si mrefu wimbo ukaondolewa mitandaoni. Kuomba radhi kulihitaji moyo, na namheshimu. Ila kazi ilibaki na pengo mwishoni, na hilo ndilo jambo geni la zama hizi: kaseti ikishafika kwako hakuna aliyeweza kuja kukunyang'anya wimbo.

Nikifika kwa Clipse napunguza mwendo.

Ni marapa wawili, Pusha T na Malice, ndugu wa tumbo moja, wa Virginia. Albamu yao ya mwisho ilikuwa ya 2009. Malice aliokoka, mwaka 2012 akajiita No Malice, akaachana na habari za kuuza unga zilizowapa jina. Let God Sort Em Out ikatoka Julai 11, 2025, nyimbo 13, biti zote za mtayarishaji Pharrell. Watu walitarajia waanze kwa kutamba. Wameanza kwa msiba. "The Birds Don't Sing" ni ya wazazi wao, waliofariki kwa kupishana miezi michache. Pusha anamwongelea mama, na jinsi alivyokuwa anaaga bila wao kujua kwamba anaaga. Halafu anaingia Malice na baba. Gari limeegeshwa nje, kwa hiyo mzee yumo ndani. Anabisha. Anabisha tena. Akibisha mara ya tatu baridi inampanda mifupani.

Kwetu sisi hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa unaondoka, ndiyo adabu. Yeye ni mtoto wa nyumba, hana pa kuondokea. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi niliposikia ubeti huo mara ya kwanza, nikakiweka chini. Malice hapandishi sauti, anaongea kama anayemsimulia jirani, na ile kwaya ya Voices of Fire inasubiri nyuma yake mpaka amalize.

Baada ya hapo "Chains & Whips" na majigambo yote yanayofuata yana kivuli. Unajua wanaotamba ni mayatima. Tenzi zetu huanza na jina la Mungu ndipo kisa kifuate. Hawa wameanza na kaburi, na wimbo wa mwisho ndio unataja neema ya Mungu. Uhamishe ule wa kwanza uuweke wa sita, na albamu nzima inabaki watu wawili wazima wanaohesabu mali.

Kuna "So Be It" pia, mdundo wake umekatwa kutoka wimbo wa Talal Maddah, mwimbaji wa Saudia. Nilipoipiga kwenye spika kubwa, Bi mkubwa wa jirani, mzaliwa wa Unguja, alisimama dirishani akauliza taarabu ile ni ya nani. Nikamwita ndani, nikamrudishia mwanzo. Alizifuata fidla kwa kichwa mpaka rap ilipoingia, akasema hao vijana wamekaa vizuri ndani ya mdundo, hawaukimbizi. Sikumwambia wanaimba nini. Kuhusu mdundo alikuwa sahihi kabisa: Pharrell ameziacha fidla zipumue, na Pusha anangoja ziteremke ndipo aangushe neno.

Yule kijana nilimchezea ule wimbo wa kwanza wa Clipse, taa zimezimwa. Hakusema kitu, alichomoa flashi yake akaenda zake. Jana amenipigia, Jumamosi tunakaa. Nimemwambia aje na daftari, na aje ameshaamua ni upi kati ya zile kumi na saba unaanza.