Mfongo hauendi angani

Wiki iliyopita wanafunzi wa sekondari walitembelea kitalu nyumba changu hapa Rau, Moshi. Mmoja akainua mche wa saladi kutoka kwenye bomba, akaitazama ile mizizi myeupe inayoning'inia kama ndevu za babu, akauliza: "Kwa hiyo hivi ndivyo wanavyolima wanaanga?" Nikamjibu ndiyo, haraka haraka, maana mteja alikuwa getini. Nilikosea.

Ukiuvua madoido, mfumo wangu ni mfongo tu, yaani mfereji wa kumwagilia. Wazee wetu wa Uchagani walichimba mifongo kutoka makorongo ya juu, maji yakateremka yenyewe hadi migombani, bila injini. Mimi nimelaza mabomba ya inchi nne kwa mteremko wa sentimita mbili kila mita. Pampu inapandisha maji yenye virutubisho hadi kichwani mwa bomba, basi. Kutoka hapo yanashuka kwa uzito wake. Utando mwembamba unapita chini ya mizizi, na sehemu ya juu inabaki ikipata oksijeni. Watu hudhani haidroponiki, yaani kulima kwa maji yenye virutubisho bila udongo, ni habari ya maji. Kwangu mimi ni habari ya hewa.

Sasa panda hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga, kama kilomita 400 juu yetu. Mvutano wa dunia bado upo kule, ila kituo na vyote vilivyomo vinaanguka pamoja vikiizunguka dunia, hivyo maji hayana pa kuteremkia. Yanajikusanya kuwa tonge na kung'ang'ania chochote yanachogusa. Yakikuta mzizi yanauvaa kama soksi. Viputo vya hewa navyo havipandi, vinabaki vimekwama ndani. Mmea unakosa pumzi.

Kionjo cha hali hiyo nimekipata hapa hapa. Bomba moja lililegea kwa jua la Februari, likafanya tumbo katikati, maji yakatuama. Baada ya siku chache miche ya pale tumboni ikanyauka, na iko majini! Nilipoing'oa, mizizi ilikuwa ya kahawia, inateleza kama bamia, inanuka mtaro. Nikasukuma kipande cha tofali chini ya bomba, yakaisha. Angani tofali halisaidii.

Ndiyo maana mtambo wa NASA, shirika la anga la Marekani, uitwao Veggie, uliopelekwa kule 2014, haukutumia mabomba kama yangu. Mbegu hukaa kwenye kifuko mfano wa mto mdogo wa kulalia, chenye chenga za udongo uliochomwa na mbolea inayoyeyuka polepole. Vinafasi kati ya chenga huvuta maji kama utambi unavyovuta mafuta ya taa, huku hewa ikipata njia. Agosti 2015 wanaanga walikula saladi nyekundu iliyooteshwa humo.

Feni nayo ni lazima, kwa sababu kule hewa ya joto haipandi na unyevu hugandia majani. Mwishoni mwa 2015 maua yao ya zinia yaliota ukungu kwa unyevu kuzidi. Mwanaanga Scott Kelly akaomba aachiwe aamue mwenyewe lini amwagilie, badala ya kufuata ratiba iliyopangwa huku chini. Wakamtumia mwongozo wa ukurasa mmoja. Januari 2016 yakachanua. Bibi yeyote wa Kibosho angewapa ushauri huo bure.

Kulima bila udongo kabisa hawajakuacha. Mwaka 2022 walipeleka mtambo wa XROOTS, unaojaribu kuilisha mizizi kwa maji na kwa ukungu wa matone madogo.

Yule kijana alikuwa na swali la pili: na Mwezini je? Huko nina matumaini zaidi. Mvutano wa Mwezi ni kama sehemu moja ya sita ya wetu, kwa hiyo maji yatashuka, ila kwa uvivu, na utando utakuwa mnene zaidi. Ningeanza kwa kuongeza mteremko.