Helmeti kubana mashavu si kosa
Kwenye vijiwe vya bodaboda Mwanza utasikia: helmeti ikibana mashavu ni ndogo, chukua kubwa upumue. Sivyo. Sponji mpya hulegea kwa matumizi, kwa hiyo inayokaa huru dukani itapwaya baadaye. Mjini huenda usigundue. Shika barabara ya Musoma, ukishavuka Magu ufike kilomita 80 kwa saa: upepo unaingia chini ya kidevu, helmeti inanyanyuka, mkanda unakukaba koo.

Ukiijaribu, funga mkanda, kisha izungushe kushoto na kulia. Ngozi ya paji la uso ifuatane nayo. Isukume kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikichomoka, irudishe kwa muuzaji. Cha kukataa ni maumivu ya sehemu moja, hasa kwenye paji. Hapo umbo halikufai, hata saizi ikiwa sawa. (Ile ya abiria, inayovaliwa na kila kichwa, ni kesi nyingine.)